Re: RFE, Yohana na John ni mtu mmoja

Mama Tumaini, Minneapolis: Ndugu zangu, I-130 ya baba (ombi la kumleta ndugu Marekani) imerudi na RFE, yaani barua ya Uhamiaji ya kudai ushahidi zaidi. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema baba ni John. Pasi yake na kitambulisho cha taifa cha NIDA vinasema Yohana, jina la ubatizo. Wanataka nithibitishe kwamba ni mtu mmoja, ndani ya siku 87. Kiapo cha hakimu wa Tukuyu kitatosha, au kiwe cha wakili?

Baba Jose, Houston: Pole dada. Afadhali wewe. Mimi karani aliona Yohana inaishia na "a" akanijazia mwanamke! Huku Johanna ni jina la kike. Kwenye N-400, fomu ya kuomba uraia wa Marekani, nikaomba niwe John, nikapumzika.

Mkongwe, Columbus: Baba Jose, usipotoshe watu. N-400 inabadili jina ukiapishwa na jaji tu, na dada anaulizia I-130. Jina lenyewe ni lile lile: Kiebrania Yohanan, Mungu ana fadhili. Warusi wakapata Ivan, Waingereza John.

Bi Zuhura, Toronto: Na sisi Yahya bin Zakaria, msitusahau.

Papa Jean, Liège: Kwetu Lubumbashi ni Jean tu. Mdogo wangu ni Jean-Marie, mwanaume mwenye ndevu. Nenda uwaeleze hiyo ku komini, ofisi ya manispaa ya huku Ubelgiji!

Baba Jose: Hiyo John nayo si raha. Wiki ya kwanza kazini nasikia "john, john", naitika. Kumbe wanasema choo. Maiti isiyo na mwenyewe nayo ni John Doe. Bibi yangu Bukoba aliniita "Yohanaaa" kutoka migombani, nikasikia hadi kisimani. Sijaitwa hivyo tangu azikwe, na sikwenda kumzika, makaratasi yalikuwa hayajatoka.

Bi Zuhura: Pole sana mwanangu.

Baba Jose: Ahsante mama. Hata Magufuli alikuwa John, angekuwepo…

Mkongwe: Siasa peleka kwingine.

Mama Tumaini: Ahsanteni wote. Zimebaki siku 79. Hakimu au wakili?

Mkongwe: Subiri, umesema Tukuyu? Mzee wako si yule fundi cherehani wa pale sokoni? Mfikishie shikamoo yangu. Ila sisi tulimjua kwa jina la Joni.