Sinbayotiki ya unga au probayotiki ya maji kwa kuku wa nyama?

Mfugaji_Kibaha: Wanajukwaa, salaam. Wiki ijayo napokea vifaranga, na duka la pembejeo limenipa machaguo mawili: sinbayotiki ya unga (bakteria wema pamoja na kiungo cha kuwasaidia utumboni), yenye bakteria wa Bacillus pamoja na ukuta wa seli za hamira, au probayotiki (bakteria wema peke yao) ya Lactobacillus ya kuyeyusha kwenye maji, ambayo ni nafuu. Ipi inakuza kuku vizuri?

Mama_Banda: Ndugu, hujasema vifaranga ni wangapi, maji ni ya bomba au ya kisima, wala kama chakula unachanganya mwenyewe. Tukushauri kwa lipi?

Mzee_wa_Broila: Chukua ya unga. Spora za Bacillus, yaani bakteria wakiwa wamelala ndani ya ganda gumu, hustahimili joto na kukaa stoo, ilhali klorini ya maji ya bomba huwaua Lactobacillus kabla kuku hajanywa.

Nyanda_Juu: Mimi sinbayotiki imenichosha. Kuku walianza kuharisha wakiwa na wiki tatu, muuzaji akasisitiza niongeze dozi maradufu, nami nikaendelea kulipa huku vifo vikizidi. Daktari wa mifugo alipompasua mmoja alikuta koksidia, vimelea vya utumbo ambavyo bidhaa ile haikutengenezwa kuvitibu, na maranda chini ya vyombo vya maji yalikuwa yameloa chepechepe, hali inayovistawisha. Amproliamu, dawa ya koksidia, ndiyo iliyowaokoa waliobaki.

Mzee_wa_Broila: Hilo ni kosa la muuzaji, si la sinbayotiki.

Kuku_Biashara: Kwa nini msiwape OTC (antibiotiki ya oksitetrasaikilini) siku za mwanzo, kama tunavyofanya wengi?

Mama_Banda: Kwa sababu itawaua hata bakteria uliowanunua! Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 2006, na Sweden ilitangulia mwaka 1986. Kifaranga wa mashine hakutani na mama yake, kwa hiyo utumbo wake hukosa wakazi wema. Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha mwaka 1973 kwamba akipewa bakteria wa utumbo wa kuku mkubwa, bakteria wa ugonjwa, Salmonella, hukosa nafasi.

Kuku_Biashara: Ulaya wana mabanda ya kisasa, mama. Sisi tuna panya wanaoleta magonjwa.

Mfugaji_Kibaha: Samahani kwa kuchelewa. Vifaranga ni 300, maji ni ya bomba, na chakula nanunua peleti, yaani kilichoshindiliwa kuwa punje.

Mama_Banda: Peleti? Basi unga utajitenga na kubaki chini ya chombo, labda uunatishe kwa mafuta kidogo ya alizeti.

Mzee_wa_Broila: Au uache peleti, uchanganye chakula mwenyewe.

Nyanda_Juu: Kwa bei hii ya mashudu?