Naomba ushauri: maneno ya Kigiriki topos na khora tuyaiteje kwa Kiswahili?

Ndugu wanachama, salaam. Ninafasiri sehemu ya kitabu cha nne cha Fizikia ya Aristotle, na nimekwama kwenye fasili yake ya topos: mpaka wa ndani, usiosogea, wa kile kinachokizunguka kitu. Anatoa mfano wa mashua mtoni: maji yanayoigusa yanapita, kwa hiyo mahali pake ni mto mzima, ambao kwa ujumla wake hausogei. (Anasema pia kwamba mahali ni chombo kisichohamishika, na kwetu mashua nayo ni chombo, mkanganyiko juu ya mkanganyiko.)

Nimetumia "mahali" kwa topos, na "nafasi" kwa khora ya Plato katika kitabu chake Timaeus, ile inayopokea vyote vinavyozaliwa. Lakini msomaji wangu wa kwanza alidhani "nafasi" ni uwazi mtupu, ambao ni wa Democritus, mwanafalsafa wa atomu. Nilijaribu "pokeo", likasikika kama mapokeo ya wazee.

Je, kuna neno linalofaa zaidi kwa khora? Na je, kwa kuwa topos ni kuzungukwa, upatanisho wa mu- ("mahali mule") ungeibeba fasili hiyo vizuri kuliko pa-, au nitakuwa ninailazimisha sarufi ifanye kazi ya falsafa?