DUKA LILE LA GHOROFANI: ATI KIDOLE CHANGU NDICHO KIZITO!!!

Chui_wa_Mikindani:
Naandika nikiwa kwenye matatu, tumekwama Makupa, na mwili wote wanitetemeka kwa hasira. Jina silitaji. Yule wa ghorofani, Barabara ya Digo, mwenye feni iliyoelekezwa kwake peke yake huku wateja twachemka. Mnamjua. Hata paka wa Marikiti wanamjua.

Aliniuzia mausi ya gemu, 1,200. Kampuni yenyewe hakuna aliyewahi kuisikia, jina lake ni herufi tano bila irabu hata moja. Boksi lasema DPI 12,800 (wepesi wa mshale kwenye skrini), 1000Hz (mara inazoripoti kwa sekunde), na taa za rangi zote kama jukwaa la harusi. Taa zipo, simnyimi haki yake. Mkononi pia yakaa vizuri. Lakini vibonyezo! Nabonyeza mara moja, yenyewe yasoma mbili. Kwenye Counter-Strike, ule mchezo wa kupigana risasi, nashika AWP, bunduki ya darubini, nabonyeza kulia nilenge, darubini yaruka hatua ya pili papo hapo, nabaki natazama vinyweleo vya pua ya adui. Nishakufa.

Leo nikairudisha. Duka limejaa. Nikaanza na salamu, adabu zote. Yeye anatafuna kiazi karai, ukwaju wamtiririka kidevuni, mausi hata hakuigusa. Akanitazama KIDOLE. Akasema mbele ya watu: "Mwanangu, mausi haina neno. Kidole chako ndicho kizito."

Watu wakaangua kicheko. Kuna mzee alikuja kununua chaja tu, akacheka mpaka akashikilia kaunta.

Nikamtolea risiti, dhamana ya mwezi mmoja. Akajibu dhamana ni ya mausi, si ya vidole.

Kizito! Kidole changu! Na ukwaju kidevuni!

Baharia_Likoni:
Weka picha ya kidole tuamue.

pilipili_mbuzi:
Kidole hicho kikipanda tuktuk dereva anatoza nauli ya wawili 😂😂

fundi_Tudor:
Acheni utoto. Hiyo ni swichi. Ndani mna kibati kinachodunda-dunda kikigusana, kwa hivyo mausi inafaa isubiri milisekunde chache kabla ya kuhesabu tena. Wakiuweka muda huo mfupi mno, au kibati kikichoka, au kikishika kutu kwa hewa yetu hii ya chumvi, mbonyezo mmoja wahesabiwa miwili. Na hiyo DPI 12,800 isikuzuzue, hizi za bei ya chini mara nyingi ni sensa ndogo (lile jicho la chini ya mausi) iliyozidishiwa hesabu. Wanaolipwa kucheza Counter-Strike wengi wako DPI 400 au 800. Lete niibadilishe swichi, 500.

Chui_wa_Mikindani:
Fundi ahsante, lakini hapa swichi si hoja. Hoja ni vile alivyonitazama kidole. Halafu hiyo 1000Hz nayo uongo, nimeipima nyumbani ni 125. Yaripoti kila milisekunde 8 badala ya 1! Nilitaka kumwambia lakini yule mzee wa chaja alikuwa bado anacheka.

pilipili_mbuzi:
500 kwa mausi ya 1,200? Fundi, wewe ndiye yule wa ghorofani, umeingia kwa jina jingine. Futa ukwaju kwanza.

fundi_Tudor:
Mtu akitaka kusaidia watu wa hapa. Haya, bakini na vidole vyenu.

Bi_Majengo:
Nyinyi mwalilia mausi, sisi huku mahamri yamekuwa madogo, nameza mawili kwa pamoja sijui hata nimekula. Bei ile ile. Yule mama wa kona, mnamjua.

Baharia_Likoni:
Huyo!! Mbaazi zake siku hizi tui limepita juu likasalimia tu.

Chui_wa_Mikindani:
Jamani turudi kwenye mada. Mbele ya watu wote wale.

Bi_Majengo:
Kidole Kizito ngoja zamu yako, mwanangu. Nilimuuliza mbona hamri ni hewa tupu ndani, ati "bibi, tumbo lako ndilo kubwa".

pilipili_mbuzi:
Huyo na wa ghorofani ni mtu na nduguye, haki ya Mungu.

Baharia_Likoni:
Nani ajua penye mahamri ya iliki ya kweli? Msiniambie Mtwapa, nauli sina.

fundi_Tudor:
Bondeni, lakini uwahi kabla ya saa moja. Mbaazi ubebe chombo chako, mifuko hawana.

Bi_Majengo:
Bondeni gani? Wale wanaokaangia mafuta ya juzi?