Naomba ushauri: blanketi la seramiki la tanuru limekuwa kama biskuti

Wakuu habari, nina tanuru dogo la kuchomea vyungu, ndani nimeweka blanketi la nyuzi za alumina na silika limeandikwa 1260°C na mi huwa sivuki 1200, ila sasa limesinyaa, maungio yameachia, ukiligusa kwa kidole linakatika na kuacha vumbi jeupe. Nilivyoelewa nyuzi hizi ni kioo, zikifika kama 1000°C hivi zinaanza kugeuka fuwele na ndo hapo zinapoteza nguvu. Sasa nihamie zile zenye alumina nyingi zinazohimili mpaka 1600 au nitosheke kuziweka tabaka la ndani tu? Na hilo vumbi mnalitoaje jamani, maana silika ikishakuwa fuwele ni hatari kwa mapafu, barakoa na kulilowesha maji kwanza vinatosha?