Ulinganisho: msumeno wa cc ngapi na upanga wa inchi ngapi kwa kazi ya juu ya mti?

MpandaKamba (mwanzilishi wa mada)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipanda miti nikiwa na msumeno mmoja tu wa mnyororo, wenye mpini wa juu, injini ya cc 35 (ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo) na upanga, yaani bamba la chuma linalozungukwa na mnyororo, wa inchi 14, na katika kupogoa matawi haujawahi kunishinda. Mambo yamebadilika tangu tulipoanza kupokea miti isiyo na nafasi ya kuangukia, ambayo hulazimika kushushwa kipande kwa kipande kutoka kileleni. Shina la mti wa namna hiyo huwa na kipenyo cha sentimita 20 pale ninapoanzia, kisha linazidi kunenepa kadiri ninavyoshuka, hadi kufika sentimita 70 karibu na ardhi. Nikifika katikati, msumeno wangu unaanza kulalamika, na mimi pia.

Njia ninazozilinganisha ni tatu. Ya kwanza ni kuuvika msumeno huohuo upanga wa inchi 16. Ya pili ni kuongeza msumeno wa mpini wa nyuma wa cc 50 wenye upanga wa inchi 16 au 18. Ya tatu ni kuruka moja kwa moja hadi cc 70 na upanga wa inchi 20 au zaidi, ili nisihitaji kununua tena baadaye. Naomba michango ya waliofanya kazi hizo kwa mikono yao.

Gogo_Kavu

Ndugu MpandaKamba, kabla ya kuhesabu inchi ni vizuri tukubaliane juu ya kitu kinachoichosha injini, kwa maana wengi husema upanga mrefu huila nguvu, na kauli hiyo ina ukweli nusu. Injini huchoshwa na idadi ya meno yaliyomo ndani ya mti kwa wakati mmoja. Ukikata tawi la sentimita 20, upanga wa inchi 14 na wa inchi 16 huwa na meno yaleyale ndani ya mti, na tofauti ya kasi utaitafuta kwa darubini. Balaa huanza pale upanga mrefu unapokushawishi kuuzamisha wote. Hapo cc 35 hupungua mzunguko, klachi huanza kuteleza na kupata joto, na pampu ya mafuta, ambayo katika misumeno midogo imepimiwa upanga mfupi, hushindwa kuilainisha ncha.

Kwa hiyo siikatai njia yako ya kwanza kwa sababu ya nguvu pekee. Naikataa kwa sababu hutakuwa umetatua tatizo lako. Inchi 16 ni sentimita 40, ukitoa sehemu inayomezwa na meno ya kushikilia gogo unabaki na 37 au 38 za kukatia. Umeongeza sentimita tano tu juu ya ulizokuwa nazo, na umelipia kwa msumeno unaoinamia mbele kila unapoushika.

Tawi_la_Juu

Naunga mkono, na ninaongeza jambo ambalo mtu halioni mpaka limpate. Upanga mrefu kuliko mti unaokatwa ni ncha inayozurura upande wa pili bila macho ya kuiangalia. Niliwahi kukata kisiki cha tawi kisichozidi unene wa paja langu kwa upanga wa inchi 16, na ncha iliyochomoza kwa nyuma ikaigusa kamba niliyokuwa nimeizungushia shina. Ilikwaruza ganda la nje tu. Tangu siku hiyo nafunga kamba yenye waya ndani kila ninapoukumbatia mti kwa ajili ya kukata, ingawa waya huo nao huchelewesha tu mnyororo, hauuzuii, na kamba kuu ya kupandia inabaki mahali pake kama kifungo cha pili.

Kisha kuna teke. Robo ya juu ya ncha ikigusa kitu, msumeno huruka kuelekea usoni kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kufikiri, na juu ya mti uso uko karibu na upanga kuliko ilivyo ardhini. Mpini wa juu huongeza hatari hiyo, kwa kuwa mikono miwili inakaa karibu karibu na haina wenzo wa kulikabili teke. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 11681-2 kimeitenga misumeno ya kuhudumia miti kama kundi lake, nalo limewekewa kikomo cha kilo 4.3 bila upanga, mnyororo wala mafuta, na watengenezaji huandika wazi kuwa ni ya wapandaji waliofunzwa, si ya kupasulia kuni uani.

Mimi kwa kupogoa nimerudi nyuma badala ya kwenda mbele. Natumia msumeno wa cc 25 wenye upanga wa inchi 12, na siku za kazi nyepesi natumia wa betri. Wa betri una raha yake, kwa kuwa hauungurumi kati ya mkato na mkato wala hakuna kamba ya kuvuta ukiwa umening'inia. Hata hivyo ukimya wake ni mtego, maana mtu husahau kwamba mnyororo uko tayari wakati wote, na breki inapaswa kufungwa kila mkono unapouachia.

Mshika_Kamba

Mimi ni mtu wa chini, ndiye ninayepandisha misumeno na kuipokea, kwa hiyo nitasemea uzito. Uzito unaosomwa kwenye katalogi ni wa mashine kavu, bila upanga na bila mafuta. Chukueni mfano wa Stihl MS 261, ambayo ni ya cc 50.2 na imeandikwa kilo 4.9. Jazeni petroli nusu lita, jazeni mafuta ya mnyororo, fungeni upanga wa inchi 16 na mnyororo wake, nanyi mtakuwa mmeshika kama kilo sita na nusu. Fanyeni hesabu hiyohiyo kwa MS 462 ya cc 72.2, iliyoandikwa kilo 6.0, mkiifunga upanga wa inchi 20, na mzani utasoma karibu kilo nane.

Tofauti hiyo ina maana ya kikanuni mahali pengine. Kanuni za usalama kazini za Marekani kwa wanaopogoa miti kandokando ya nyaya za umeme zinataka msumeno unaozidi kilo 6.8, ukiwa na vyote vya kufanyia kazi, ubebwe na kamba yake wenyewe unapotumika mtini, isipokuwa kwa anayefanya kazi kwenye kikapu cha gari la kuinua, au pale ambapo mti unakatwa kileleni au kuondolewa wote na hakuna tawi lililobaki la kuutundika. Angalieni jinsi cc 50 inavyopita chini ya mstari huo kwa kunyata, na cc 70 inavyouvuka waziwazi. Hata pasipo kanuni hiyo, kiuno kitakuambia. Kilo nane zikining'inia upande mmoja wa mkanda wa kupandia humpindisha mtu, na anapochoka huanza kukata kwa kuegemea, jambo ambalo sipendi kulitazama kutoka chini.

Njia ya tatu, kwa maoni yangu, inafaa pale tu ambapo timu ina mtu wa kuupandisha msumeno mkubwa kwa dakika zinazohitajika na kuushusha tena. Sisi huupandisha ukiwa umezimwa na breki imefungwa, mpandaji huufunga kwenye kamba fupi ya mkanda wake kwanza, ndipo huifungua kamba yangu. Kamba hiyo fupi iwe na sehemu iliyo dhaifu makusudi, itakayokatika iwapo kipande kinachoanguka kitaubana upanga na kuondoka nao.

MpandaKamba

Nashukuru. Hesabu ya uzito imenifungua macho, kwa sababu nilikuwa nalinganisha namba za katalogi kama zilivyo. Lakini ndugu Gogo_Kavu, je, cc 50 na inchi 16 hazitanikwamisha vilevile kwenye sentimita 70?

Gogo_Kavu

Zingekukwamisha iwapo ungekata sentimita 70 ukiwa mtini, na hapo ndipo ninapodhani kipimo chako kina kasoro. Hizo 70 umezipima karibu na ardhi. Mtu hakai mtini kukata kipande ambacho angeweza kukikata akiwa amesimama kwa miguu yake. Gogo lililobaki likiwa fupi kiasi cha kuangushwa salama katika nafasi iliyopo, unashuka, unavua miiba ya kupandia, unachukua msumeno wa ardhini. Kipimo cha kuchagulia msumeno wa juu ni kipenyo cha mkato wa mwisho utakaoufanya ukiwa umefungwa kwenye shina. Nenda ukapime hapo, kisha rudi.

Ukishapata namba hiyo, kumbuka kwamba shina hukatwa kutoka pande mbili. Katika mkato wa kupishana, ule unaoanza upande mmoja ukapita katikati, halafu wa pili ukaingia upande wa pili sentimita chache juu au chini yake ili kipande kibaki kimesimama mpaka ukisukume kwa mkono, upanga unahitaji kufika zaidi kidogo ya nusu ya kipenyo. Upanga wa inchi 16 una uwezo wa kushughulikia sentimita 60 hadi 65 kwa namna hiyo bila kubabaisha. Tatizo la kukata pande mbili ni kulinganisha mistari, hasa ukiwa umeegemea na upande wa pili huuoni. Hapo nakiri kwamba inchi 18 humpa mtu utulivu, na nisingemlaumu anayeichagua kwenye cc 50, mradi mnyororo uwe mkali na mti usiwe mgumu kama chuma.

Fundi_Mnyororo

Mmezungumza injini na upanga, mkausahau mnyororo, ambao ndio unaokata. Urefu wa upanga peke yake hautoshi kununulia mnyororo. Kuna umbali kati ya kiungo na kiungo, kuna unene wa vijino vya chini vinavyoteleza ndani ya mfereji wa upanga, na kuna idadi ya vijino hivyo, na vyote vitatu lazima vilingane na upanga na gia inayouendesha. Upanga wa inchi 14 wa Stihl kwa mnyororo mwembamba wa 3/8 (huo ni umbali wa viungo kwa inchi) kwa kawaida huchukua vijino 50, ilhali wa Husqvarna wenye urefu uleule huchukua 52. Nimewaona wapandaji wakibadilishana minyororo kwa sababu tu inchi zinafanana, halafu wanashangaa kwa nini mmoja haukazi na mwingine hauingii.

Kwa mpandaji, upana wa njia inayochimbwa na mnyororo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mnyororo wa robo inchi wenye vijino vya milimita 1.1 huondoa ubao mdogo, hivyo injini ya cc 25 huonekana kana kwamba ina nguvu za kuazima, na mkato kwenye tawi hai huacha kidonda laini. Ukiuweka kwenye shina nene, meno yake madogo yanakuwa mengi ndani ya mti, vumbi la mbao linajaa, na kazi inakwenda kwa mwendo wa kobe. Mnyororo mwembamba wa 3/8 wenye vijino vya milimita 1.3 ndio uliozoeleka kwenye cc 30 hadi 40, na kwenye cc 50 wengi hutumia wa inchi 0.325. Mnyororo wa 3/8 kamili una mahali pake kwenye cc 60 kwenda juu, na kuufunga kwenye cc 50 ili uonekane wa kikubwa ni kuipunguzia injini pumzi.

Swali la inchi 16 kwenye cc 35 huwa nalijibu kwa tupa. Mtu anayenoa kila baada ya tangi moja au mawili anaweza kuumudu upanga huo. Anayesubiri mpaka msumeno utoe unga badala ya vipande hata inchi 12 itamshinda.

MpandaKamba

Wakuu, nimerudi na vipimo. Katika mti tulionao sasa, mkato wa mwisho nikiwa juu utakuwa mita tatu kutoka ardhini, na kipenyo hapo ni sentimita 54. Miti mingine miwili iliyo kwenye orodha haifiki 50 katika kimo hicho. Nimeamua kuuacha msumeno wangu wa cc 35 na inchi 14 zake kwa ajili ya matawi na sehemu ya juu ya shina, na kuongeza wa cc 50 wenye inchi 16 utakaopandishwa na mtu wa chini tukifika mahali ambapo mdogo unaanza kuzama wote. Wa cc 70 utabaki ardhini kwa gogo la mwisho, nao tunaazimana na wenzetu.

Limebaki swali dogo kwa ndugu Fundi_Mnyororo. Je, tupa niliyonayo ya mnyororo wa sasa itafaa kwa ule wa 0.325?

Fundi_Mnyororo

Haitafaa. Mnyororo mwembamba wa 3/8 hunolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 4.0, na wa 0.325 kwa ya milimita 4.8. Tupa nyembamba kwenye jino kubwa itachimba ndoano ambayo hukata kwa ukali dakika tano za kwanza, kisha hukwama na kuurusharusha msumeno. Beba zote mbili, uzifunge utepe wa rangi tofauti kwenye mipini, na rangi hizohizo uzitie kwenye mashine, kwa sababu ukiwa juu na jasho machoni hutasoma namba zilizochongwa kwenye chuma.

Mshika_Kamba

Na za akiba zikae kwangu chini, ndugu. Nimeokota tupa za kutosha zilizodondoka.