Hatua zimegawanywa, hataza ni moja: nani ashtakiwe?

Wakili Mchovu: Marekani, 2016, Lyda dhidi ya CBS. Jamaa, huyo Lyda, ana hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, za watazamaji kupiga kura kwa simu. Kipindi ni Big Brother, shindano la televisheni ya CBS. Hati yake ya madai ikasema CBS iliwadhibiti makandarasi, nao wakawaelekeza watu wasiotajwa watume kura. Mahakama ya rufaa: haitoshi, eleza udhibiti ulikuwaje. Sasa mikataba iko kabatini kwa mdaiwa. Ajuaje?

Kinyozi: Kama hujui, umeshtaki nini? Hata mwizi wa kuku huonekana na manyoya kwanza.

Wakili Mchovu: Kuku haibiwi na watu watatu, kila mmoja kashika mguu wake. Kigezo cha kumbebesha mmoja hatua za wengine tunacho tangu kesi ya Akamai dhidi ya Limelight, 2015: ukimwambia mtu asipofanya hatua fulani hapati huduma, na ukampangia namna au wakati wa kuifanya, hatua yake ni yako.

Mama Salma: Na asiyepiga kura anakosa nini? Kipindi si anatazama bure?

Kitororo: Bure! Vocha zangu zilizoishia kwa Richard 2003 nani atanirudishia?

Mama Salma: Richard alishinda 2007, baba. 2003 alishinda Cherise wa Zambia. Na hiyo ni Big Brother Africa, si ya CBS.

Kitororo: Umekuja kunisahihisha miaka kama mwalimu wa zamu?

Kinyozi: Idris aliyeshinda 2014 mbona hamumtaji? Dola laki tatu zile!

Wakili Mchovu: Jamani. Lyda alijificha nyuma ya Fomu 18, ule mfano wa hati ya madai wa mahakama za Marekani, kuhusu mota za umeme. Ulikuwa mfupi: nina hataza, umeuza mota zinazoikiuka, acha. Ulifutwa Desemba 2015. Mahakama ikasema hata hivyo ulimhusu mkiukaji mmoja, si wanaogawana hatua.

Kinyozi: Ndiyo nilichosema.

Wakili Mchovu: Wewe ulisema manyoya.

Mama Salma: Kwani hakuruhusiwa kurekebisha hati?

Wakili Mchovu: Mara ya kwanza aliruhusiwa. Ya pili akanyimwa, kesi ikatupwa.

Kitororo: Laiti angepewa mara tatu kama sisi tulivyokuwa tukirudia kutuma. Mama Salma, wewe 2007 ulimpigia nani?

Mama Salma: Sikupiga. Simu ilikuwa ya mume wangu.

Kinyozi: Basi hapo nani alimdhibiti nani?