Mbwa wa kuishi na kuku uani: awe wa aina gani, na aletwe akiwa na umri gani?

Mama wa Rau, Moshi

Ndugu wafugaji, habari za leo. Ninaishi Rau, katika kiwanja chenye nyumba, migomba michache na uwanja wa nyuma uliozungushiwa ua wa masale. Tunafuga kuku 32, wengi wao wa kienyeji na wachache aina ya Sasso, pamoja na bata 6. Kuku hufunguliwa saa mbili asubuhi, hushinda chini ya migomba wakichakura, na jua likianza kuzama hurudi bandani wenyewe.

Tangu masika yaishe, nguchiro wametuchukulia vifaranga 14, tena mchana kweupe, na usiku mmoja watu walipenya uani wakaondoka na majogoo wawili. Baba watoto ameona suluhisho ni mbwa. Rafiki yake amemwahidi dume aina ya German Shepherd mwenye umri wa miezi 10, ambaye muda wote huo amefugwa akiwa amefungwa mnyororo. Mimi ninasita, kwa sababu mwaka jana jirani yangu alileta mbwa kijana, na siku ya tatu alikuta kuku 11 wametapakaa uani wamekufa, wala hakuna hata mmoja aliyeliwa. Watoto wangu, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 5, ndio wanaookota mayai kila siku, hivyo mbwa nitakayemleta atakuwa nao karibu sana.

Naomba mnisaidie: tuchukue mbwa wa aina gani, na mwenye umri gani? Je, ni kweli kwamba mbwa aliyeua kuku akifungwa mzoga shingoni huacha tabia hiyo? Jirani alishauriwa hivyo na wazee wawili tofauti.

Mwenye kihamba, Uru

Mama, pole kwa hasara hiyo. Nimefuga kuku na mbwa katika kihamba kimoja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kwa zaidi ya miaka 20, na nitakueleza yaliyonipata, pamoja na kosa nililolifanya mwenyewe.

Kwanza, tenganisha kazi mbili unazomtaka mbwa azifanye. Mwizi huja usiku, wakati kuku wamo bandani na mlango umefungwa, kwa hiyo mbwa yeyote mwenye masikio mazuri na sauti ya kutosha atakusaidia, hata asiyejua kuishi na kuku, mradi mchana awe kwenye banda lake. Nguchiro huja mchana, kuku wakiwa nje, na hapo ndipo unapohitaji mbwa anayeweza kulala katikati ya kuku bila kumgusa hata mmoja. Mbwa wa namna hiyo hutengenezwa, na kumtengeneza huchukua mwaka mzima au zaidi.

Mbwa niliye naye sasa nilimchukua akiwa na wiki 8, kwa jamaa mmoja ambaye mbwa wake jike alikuwa akinyonyesha pembeni ya banda la kuku, kuku wakipita juu ya miguu yake. Ningekushauri utafute hivyo: nenda ukamwone mama yake kabla hujamtazama mtoto. Wiki ya kwanza alipofika kwangu, alimkaribia tetea aliyekuwa na vifaranga wa siku chache. Tetea yule alitanua mabawa, akajivimbisha, akamdonoa puani mara mbili. Mtoto wa mbwa alirudi kinyumenyume mpaka akajibanza nyuma ya ndoo ya maji, na nilimwacha akae hapo mpaka alipotoka mwenyewe. Kuanzia siku hiyo akimwona tetea mwenye vifaranga huzunguka kwa mbali, hadi leo.

Hata hivyo sikutegemea kudonolewa huko peke yake. Kila asubuhi, kwa miezi mitano, nilikaa kwenye kigoda wakati wa kuwamwagia kuku mahindi, mbwa akiwa kwenye kamba fupi mguuni pangu. Alipowakazia macho kuku na mwili wake ukakakamaa, nilimwita jina. Alipogeuka kunitazama mimi, nilimpa dagaa mmoja. Hakuna fimbo iliyotumika. Nilichotaka ni azoee kwamba kuku wakirukaruka, faida iko kwangu na si kwao.

Kosa langu lilikuwa kumwamini mapema. Alipofikisha miezi 9 nilimwona ameshakuwa mtu mzima, nikaenda msibani nikamwacha huru uani pamoja na kuku. Niliporudi nilimkuta amemlalia tetea mmoja, amelowa mate mgongo mzima na manyoya yametoka, lakini hapakuwa na jeraha la jino. Alikuwa akicheza naye. Tetea alikufa kesho yake. Umri wa kati ya miezi 6 na mwaka mmoja na nusu ndio wa hatari kuliko wote, kwa sababu mbwa ana nguvu za mkubwa na michezo ya mtoto. Kuku akipiga mabawa na kukimbia, humwita afukuze, na akifukuza mara moja akafurahi, atarudia. Ndiyo maana kuku wa jirani yako hawakuliwa.

Kuhusu mzoga shingoni, nimeona ukifanywa, na mbwa yule aliua tena baada ya wiki mbili. Mbwa huunganisha adhabu na kile alichokifanya papo hapo, si alichokifanya asubuhi. Anachojifunza ni kuteseka na harufu na nzi, tena kama kuku yule alikuwa na ugonjwa, umeutembeza uani kote. Tafadhali msimwambie mtu afanye hivyo.

Mfugaji wa Njiro, Arusha

Shikamoo mzee wa Uru. Nakubaliana nawe, ila naomba niongeze neno kuhusu aina, kwa kuwa dada wa Rau ameliuliza wazi.

Kila aina ya mbwa ilichaguliwa na watu kwa kazi fulani, na kazi hiyo hubaki ndani yake. German Shepherd anatokana na mbwa wa kuchunga kondoo wa Ujerumani, na chama chake kilianzishwa mwaka 1899 na Max von Stephanitz. Ni mbwa mwerevu, anafundishika, na anapenda kuwa karibu na watu wake. Lakini macho yake yameumbwa kufuata kinachokimbia na kukirudisha mahali pake. Akilelewa na kuku tangu utotoni anaweza kuwa mlinzi mzuri sana. Huyo wa miezi 10 aliyekua kwenye mnyororo ni jambo tofauti kabisa: hajajifunza kuku, pengine hajajifunza hata watoto, na nguvu zake hazijapata pa kutokea. Mimi nisingempeleka kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka 5.

Mbwa wadogo wa jamii ya terrier, wanaouzwa sana mjini kwa sababu ya udogo wao, walizalishwa ili kuua panya na wanyama wa mashimoni, na kwa kuku ni hatari kuliko umbo lao linavyoonyesha. Husky naye simshauri kwa mfugaji.

Zipo aina zilizozalishwa mahsusi kuishi na mifugo na kuilinda: Kangal na Anatolian wa Uturuki, Maremma wa Italia, na wale wakubwa weupe wa milima ya Pirenei. Huko Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund huwagawia wafugaji mbwa wa aina hizo za Uturuki ili walinde mbuzi na kondoo, na wafugaji wasiwaue duma. Huko Australia, mwaka 2006, mbwa wa Maremma walianza kupelekwa kwenye kisiwa kidogo karibu na mji wa Warrnambool kulinda pengwini wasiliwe na mbweha, na wazo hilo lilitoka kwa mfugaji wa kuku aliyekuwa akiwatumia mbwa hao shambani kwake. Nimelitaja ili ionekane kwamba mbwa anaweza kabisa kumlinda ndege. Lakini ni mbwa wakubwa mno, wanakula sana, wanachelewa kupevuka hadi kama miaka miwili, na kiwanja cha Rau hakiwatoshi.

Kwa hiyo, dada, tafuta mbwa wetu wa kienyeji, jike, kutoka katika nyumba yenye kuku. Ana mwili wa wastani, anavumilia mazingira yetu, na ugali wa dona wenye dagaa unamtosha akipewa kwa kipimo. Mama zake wameishi katikati ya kuku kwa vizazi vingi, na waliokula kuku hawakubakizwa.

Daktari wa mifugo, Moshi

Naongezea upande wa afya, kwa sababu mbwa na kuku wakikaa uani pamoja hugawana mambo mengi.

Viroboto wale weusi wanaojishikiza kama vumbi kuzunguka macho ya kuku na kwenye kilemba humshambulia mbwa pia, hasa kwenye masikio na kati ya vidole. Ukitibu kuku ukamwacha mbwa, baada ya muda mfupi wanarudi. Paka mafuta mgando juu ya viroboto wa kuku, bila kugusa mboni, ili wakose hewa. Mbwa apewe dawa yake kutoka duka la mifugo. Maranda ya bandani yatolewe yote na kuchomwa. Oili chafu ya magari, ambayo watu humpaka mbwa mwenye ukurutu, ni sumu kwake.

Mtoto wa mbwa mara nyingi huzaliwa na minyoo, naye atacheza na watoto wako. Apewe dawa kila baada ya wiki mbili mpaka atimize miezi mitatu, kisha kila miezi mitatu. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akiwa na miezi mitatu na irudiwe kila mwaka. Wafundishe watoto kwamba wakiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, waseme mara moja: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kuku, chanjo ya mdondo (kideri) aina ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Mbwa haugui mdondo, lakini mbwa anayezurura hubeba mizoga ya kuku wa majirani na kuileta uani, na ugonjwa ukaingia hivyo. Kuku akifa, mfukie kwa kina au mchome, usimpe mbwa. Mbwa aliyezoea kupewa kuku mzima, hata mfu, amefundishwa kwamba kuku ni chakula. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo asipewe, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha. Sumu ya panya msiitumie tena, kwa sababu itaua mbwa na kuku kabla ya panya.

Mama wa Rau, Moshi

Nawashukuru sana. Nimemsomea baba watoto majibu yote, na amekubali tumwachie rafiki yake yule dume. Jumamosi tunakwenda Kibosho kwa shangazi yangu, ambaye mbwa wake amezaa watoto watano nyuma ya banda la kuku, sasa wana wiki 6. Swali langu la mwisho: mbwa huyo atachukua mwaka mzima kukomaa, na mimi nina vifaranga 9 wa juzi. Nguchiro nifanyeje?

Mwenye kihamba, Uru

Mwache mtoto anyonye wiki mbili nyingine kwa shangazi, umchukue akiwa na 8. Vifaranga wako wafunike na mama yao kwenye tenga kubwa wanapokuwa nje, uweke jiwe juu, na wasiachwe huru mpaka wafikishe miezi miwili. Fyeka majani chini ya ua wa masale, kwa sababu nguchiro hapendi kuvuka uwanja mtupu, na upande wa banda fukia waya wa kuku sentimita 30 ardhini. Mayai yaokotwe mara mbili, saa nne na saa kumi, ili mbwa akija asikute yai limelala chini akalionja.